Vumbi la Angani: Jinsi Linavyopimwa kwa Leza na Maana Yake Kwetu

Katika miezi ya kiangazi, wakazi wa ufuo wa Ziwa Victoria huona siku ambazo anga ina utusitusi na vilima vya mbali havionekani vizuri. Je, huo ni moshi wa mashamba yanayochomwa au ni vumbi lililotoka mbali? Jibu linahusu afya ya watu na hali ya ziwa.

Kipimo cha Mbita

Mbita, Kaunti ya Homa Bay, ni mojawapo ya mahali nchini Kenya ambapo mtandao wa kimataifa wa AERONET umewahi kuchukua vipimo, katika kituo cha utafiti cha icipe. Kifaa chake hutazama jua na kupima mwanga uliopotea njiani. Vumbi na moshi vikizidi, mwanga unaofika hupungua. Hata hivyo, kifaa hicho hutoa jumla tu. Hakionyeshi kama chembe ziko kilomita 4 juu au ziko katika hewa tunayovuta.

Laida ni nini?

Kimo cha vumbi hupimwa kwa laida, chombo kinachotuma mimweko mifupi ya leza na kupokea mwanga unaorudi baada ya kugonga chembe. Ni kama mtu anayeona radi kisha kuhesabu sekunde hadi asikie ngurumo: muda humwambia umbali. Mwanga husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Basi mwanga ukichelewa kurudi kwa sehemu 1 ya milioni ya sekunde, chembe ziko mita 150 mbali zaidi.

Laida pia husaidia kutambua aina ya chembe. Mawimbi ya leza hutoka yakitikisika katika mwelekeo mmoja. Chembe za moshi nyingi ni za mviringo, hivyo mwelekeo huo haubadiliki sana. Vumbi la jangwani lina pembepembe, nalo huuvuruga.

Setilaiti ya CALIPSO, ya Marekani na Ufaransa, ilirushwa tarehe 28 Aprili 2006 na kupima hivyo hadi 2023. Mei 2024, Ulaya na Japani zilirusha EarthCARE, yenye laida pia. Vyombo hivi vina mipaka: leza haipenyi mawingu mazito, na hupima mstari mwembamba tu chini ya njia ya setilaiti. CALIPSO ilirudia njia ileile baada ya siku 16. Kwa hiyo, havitoi onyo la kila siku kwa kijiji.

Vumbi na ziwa letu

Kwa vipimo vya CALIPSO vya 2007 hadi 2013, wanasayansi walikadiria kuwa vumbi la Sahara hupeleka takriban tani 22,000 za fosforasi kila mwaka katika msitu wa Amazon. Huko ni mbolea. Utafiti umeonyesha kuwa Ziwa Victoria pia hupokea sehemu kubwa ya fosforasi yake kutoka hewani. Ikizidi, hulisha mwani na magugu maji, ambayo hufunga njia za mashua na kupunguza oksijeni ya samaki. Moshi wa kuchoma mashamba na udongo usio na mimea huchangia.

Tunachoweza kufanya

Vumbi la jangwani haliko mikononi mwetu, lakini vumbi na moshi wa karibu tunaweza kuvipunguza:

- Usichome mabaki ya mazao. Yatandaze shambani au yatengeneze mboji.
- Panda miti na nyasi penye udongo ulio wazi, hasa kando ya mito.
- Katika migodi midogo ya dhahabu, kama ile ya Nyatike, Kaunti ya Migori, lowesha mawe kabla ya kuyasaga na weka watoto mbali. Vumbi la mawe lenye silika huharibu mapafu, na madhara yake hayatibiki.
- Pikia mahali penye hewa ya kutosha.
- Anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi aende kituo cha afya kupimwa kifua kikuu. Asidhani ni vumbi tu.