Kuiamsha Kompyuta Kuukuu kwa Diski

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika shule nyingi za sekondari zimo kompyuta zilizofunikwa kitambaa pembeni mwa chumba, wala hazitumiki. Mtu akiuliza habari zake huambiwa, "Hizo zimekufa." Yafaa tulichunguze neno hilo. Kompyuta iliyoungua ndani au kupasuka kioo ni ya kupelekwa kwa fundi. Lakini nyingine ni nzima kabisa, ila programu ya kuiongoza imezeeka au imeharibiwa na virusi. Windows XP iliacha kutunzwa na wenyewe, kampuni ya Microsoft, tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ikafuata tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine za miaka hiyo nyingi hazina nguvu ya kubeba Windows mpya, na kununua mashine nyingine si jambo dogo kwa shule wala kwa mzazi.

Makala hii yaeleza njia moja ya kuirudisha kazini mashine ya namna hiyo, nayo ni kuiamsha kwa diski yenye Linux, kisha kuisakinisha Linux humo. Leseni yake hailipiwi. Lakini njia hii yataka uangalifu, kwani ina hatua moja ambayo mtu akiikosea aweza kupoteza kazi ya miaka mingi.

LINUX IMETOKA WAPI

Kila kompyuta ina programu endeshi. Hii ni kama mwalimu wa zamu, maana ndiyo igawayo kazi, itunzayo kumbukumbu, na kuamua nani atumie kibodi, diski au printa, na kwa wakati gani. Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, Marekani, walianza kuandika programu endeshi iitwayo Unix. Mwaka 1983 Mmarekani mwingine, Richard Stallman, alitangaza kazi ya GNU, yaani kuandika programu zinazofanana na za Unix ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia, kuzisoma, kuzirekebisha na kuwapa wengine. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, aliandika kiini chake mwenyewe kilichofuata mfano wa Unix. Kiini hicho ndicho Linux.

Kiini peke yake hakitoshi, kwa hiyo watu wamekiunganisha na programu nyingine, wakagawa vyote pamoja kama furushi moja. Furushi la Debian lilianza mwaka 1993. Furushi la Ubuntu lilitoka mwaka 2004, nalo lilianzishwa na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Jina Ubuntu ni neno la Kibantu lenye maana ya utu. Sisi tuliokulia Usukumani, ambao mtu twamwita munhu, hatuoni ugeni katika neno hilo.

Mwaka huo huo wa 2004, kwa mradi ulioitwa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za kuandikia barua na kupigia hesabu zenye maneno ya Kiswahili. Haikuwa lazima kungoja kampuni ya ng'ambo ikubali kwamba Kiswahili kina faida ya biashara. Leseni ilikwisha kutoa ruhusa, ikabaki kazi ya kutafsiri.

KWA NINI DISKI

Zamani intaneti ya nchi yetu ilipita kwenye setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Mkongo wa SEACOM wa chini ya bahari ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Hata mwaka 2011, wenye Ubuntu walikuwa bado wakituma CD kwa posta, bila malipo, kwa watu waliokuwa wakiziomba kutoka pande zote za dunia. Hata leo mtu aweza kupakua furushi akiwa Mwanza, akalichoma kwenye diski, na diski ikafika Malampaka kwa basi.

Siku hizi wengi hutumia flashi kwa kazi hii, na flashi ni nzuri. Hata hivyo diski ina sifa mbili zinazofaa kwa mashine kuukuu. Kwanza, ziko kompyuta za zamani zinazokataa kuamka kwa flashi lakini hukubali kuamka kwa diski. Pili, diski ya kuchomwa mara moja haiandikiki tena, kwa hiyo virusi vilivyomo katika mashine haviwezi kuingia ndani yake. Flashi inayopita steshenari tatu kwa siku haina kinga hiyo.

Diski ya CD ina upana wa sentimeta 12 na hubeba kiasi cha MB 700. DVD ina upana ule ule lakini hubeba GB 4.7. Wazazi wetu wanaokumbuka santuri watapenda kujua tofauti hii: sindano ya santuri huanza ukingoni ikaenda katikati, lakini mwanga wa leza husoma CD kuanzia karibu na katikati kwenda ukingoni. Mstari huo mmoja ukinyooshwa, una urefu wa zaidi ya kilomita 5.

JINSI KOMPYUTA INAVYOAMKA

Hapa pana fumbo. Kompyuta haiwezi kusoma diski bila programu, na programu yenyewe imo ndani ya diski. Basi huanzaje?

Tazama jinsi bweni linavyoamka. Mlinzi humwamsha mpiga kengele peke yake. Mpiga kengele huwaamsha viranja, na viranja huamsha bweni zima. Mlinzi hana haja ya kumjua kila mwanafunzi. Yamtosha kujua kitanda kimoja tu.

Katika kompyuta za zamani mlinzi huyo ni BIOS, programu ndogo iliyohifadhiwa katika chipu ya ubao mkuu. Umeme ukiingia, hukagua kumbukumbu, kibodi na vifaa vingine. Kisha hufuata orodha ya mahali pa kutafuta programu ya kuamshia. Ikienda kwenye diski kuu iliyomo ndani ya mashine, husoma kipande cha kwanza kabisa, chenye baiti 512 tu. Ikienda kwenye CD, hufuata kanuni iitwayo El Torito, iliyotolewa na kampuni za Phoenix na IBM mwaka 1995. Kanuni hiyo yasema: tazama kipande namba 17, ukihesabu kuanzia sifuri, na humo utakuta maelezo ya mahali ilipo programu ya kuamshia. Programu hiyo ndiyo mpiga kengele wetu. Hukipakia kiini cha Linux katika kumbukumbu, nacho kiini huamsha kibodi, kipanya, kioo na vinginevyo.

Ukiuelewa mfuatano huu, hutasema tena ovyo kwamba kompyuta imekufa. Utauliza: je, ni nani hakuamka, mlinzi, mpiga kengele, au viranja?

KUICHOMA DISKI

Kwanza ijue mashine yako, kama ni ya biti 32 au 64. Debian 12 ya mwaka 2023 ndiyo ya mwisho kutolewa na diski za kusakinisha kwenye mashine za biti 32. Kwa Debian yenye madirisha na picha, kumbukumbu isipungue GB 1, na GB 2 ni bora zaidi. Diski kuu iwe na nafasi ya GB 10 au zaidi.

Penye shida ya intaneti, usichukue diski ndogo ya Debian inayovuta vitu vingine mtandaoni wakati wa kusakinisha. Chukua ile DVD ya kwanza, yenye vitu vya kutosha kumaliza kazi bila mtandao.

Faili utakalopakua huishia na herufi iso. Hili ni taswira ya diski nzima, pamoja na kile kipande namba 17. Watu waliozoea kuchoma nyimbo hulinakili kama wimbo, na hapo diski haiamshi kitu. Katika programu ya kuchomea, chagua kuchoma taswira, na mwendo uwe wa polepole. Ukimaliza, fungua diski uitazame. Ukiona faili moja tu la iso, umekosea. Ukiona mafaili na mafolda mengi, umefanya vema.

Kabla ya kuchoma, linganisha alama za ukaguzi zilizotolewa pamoja na faili. Alama ya SHA256 ina tarakimu na herufi 64. Ikitofautiana hata kwa moja, faili limeharibika njiani, lipakue upya.

MGENI KWANZA

Ziko diski za kusakinishia tu, na ziko za kujaribia pia. Diski ya kujaribia huendesha Linux nzima katika kumbukumbu bila kuandika kitu kwenye diski kuu, isipokuwa wewe mwenyewe uagize. Knoppix, iliyotolewa na Mjerumani Klaus Knopper mwaka 2000, ilizifanya diski hizi zijulikane sana. Usishangae kwamba mwendo ni wa polepole, maana kila kitu husomwa kutoka kwenye diski inayozunguka.

Wakati huu ndio wa kukagua. Je, sauti yatoka? Printa yachapa? Mtandao washika? Na kuna faida kubwa zaidi. Windows ikikataa kuamka, mara nyingi mafaili bado yamo salama. Amsha mashine kwa diski ya kujaribia, fungua diski kuu, unakili alama za mitihani, barua na picha kwenye flashi au diski nyingine. Mwalimu aliyedhani kwamba kazi ya miaka mitatu imepotea aweza kuipata yote kwa nusu saa.

KUSAKINISHA

Neno sakini maana yake ni kukaa mahali. Kusakinisha, basi, ni kumpa mgeni makazi ya kudumu. Hatua ni hizi:

1. Omba ruhusa kwa mwenye mashine. Nakili mafaili yote yenye maana mahali pengine, kisha uyafungue huko uhakikishe kwamba yanasomeka.

2. Hakikisha umeme ni wa kutegemewa. Kama ni kompyuta ya mapajani, betri ijae.

3. Tia diski, uwashe mashine, na ubonyeze kitufe cha kuchagua mahali pa kuamkia. Kwenye Dell mara nyingi ni F12. Kwenye HP ni Esc au F9. Chagua CD au DVD.

4. Chagua lugha, kibodi na saa za Dar es Salaam.

5. Gawanya diski kuu. Hatua hii naieleza peke yake hapa chini.

6. Weka jina la mtumiaji na nywila. Nywila ya shule iandikwe na kutunzwa na mwalimu, isibaki kichwani mwa mwanafunzi atakayehitimu mwezi Novemba.

7. Kubali kusakinisha programu ya kuamshia iitwayo GRUB. Bila hiyo bweni halina mpiga kengele.

8. Toa diski, uiwashe mashine upya.

HATUA ISIYORUDI NYUMA

Diski kuu ni kama shamba. Mtu aweza kuligawa, huku pamba, huku mahindi, na huku dengu. Vivyo hivyo twaweza kuiachia Windows sehemu yake, tukaipa Linux sehemu nyingine, na sehemu ndogo ikawa akiba ya kumbukumbu. Lakini kuitayarisha sehemu upya ni kama kupitisha plau juu ya mimea iliyokwisha kuota. Kilichokuwamo hufukiwa. Chaguo la kutumia diski nzima lapendeza kwa urahisi wake, nalo ndilo lifutalo kila kitu. Kabla ya kukubali, soma ukubwa wa kila sehemu kwa sauti, mwenzako asikilize na kutazama. Mkitofautiana, simameni. Mpaka hapo hakuna kilichoandikwa, na mwaweza kuizima mashine bila hasara.

Ni haki pia kuyataja mapungufu. Programu nyingi zilizoandikwa kwa Windows haziendi katika Linux. Barua iliyopambwa kwa Word huweza kubadilika mpangilio ikifunguliwa katika LibreOffice. Wako walimu watakaohitaji wiki kadhaa kuzoea. Mashine moja ijaribiwe kwanza, zisibadilishwe zote kwa siku moja.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shauri hili latufaa sana. Mwache mgeni aishi katika diski yake kwanza, umwone tabia. Akikufaa, mpe makazi na kazi. Nawasihi wenzangu wa vidato vya chini mjifunze kazi hii chini ya uangalizi wa mwalimu, na walimu wetu wasizitoe kompyuta zilizofunikwa kitambaa kabla hazijajaribiwa kwa diski moja.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini faili la iso likinakiliwa kama wimbo haliwezi kuamsha kompyuta?

2. Taja faida mbili za diski zaidi ya flashi kwa mashine ya zamani.

3. Kompyuta yawaka, yakagua kumbukumbu, kisha yasema haioni mahali pa kuamkia. Katika mfano wa bweni, ni nani aliyekosekana?

4. Ungefanya nini kabla ya kuigawa diski kuu yenye alama za mitihani za shule nzima?