Zilipendwa na Bongo Fleva: nani mwenye adabu?

Kabla hujaendelea kusoma, jibu swali hili: wazee wako nyumbani wanasemaje ukiweka Bongo Fleva? Kama unakaa Ilagala, au Ujiji, au popote pale ufukweni kwetu, nadhani jibu lako nalijua. "Zima huo uchafu! Nyimbo za siku hizi ni matusi matupu. Zetu zilikuwa na mafunzo." Halafu dingi anaweka Marijani Rajabu au Mbaraka Mwinshehe, anafumba macho, na wewe unatoka nje na simu yako. Mazungumzo yamekwisha.

Tatizo ni hapo yanapokwisha. Ukishaambiwa kwamba unachosikiliza ni uchafu, huwezi tena kumuuliza mzee jambo lolote la mapenzi, maana atadhani umelitoa huko huko kwenye simu. Sasa utamuuliza nani? Mshikaji wako wa kidato cha pili, ambaye naye hajui kitu!

Je, madai ya wazee ni kweli? Mchukue Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam 1978, na baadaye akavuma na bendi ya Super Matimila. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alitoa wimbo "Mambo kwa Soksi". Soksi hizo si za kuvalia viatu vya shule. Ni kondomu. Ukimwi ulikuwa unaua watu, tangu wagonjwa wa kwanza nchini walipogunduliwa Kagera mwaka 1983, na Remmy akaamua kusema wazi kinga ni nini. Radio Tanzania ikakataa kuupiga. Watu wakausikia kwenye kumbi za dansi na kwenye kaseti. Hata kabla yake, mwaka 1987, Franco Luambo Makiadi wa Kongo, nchi ya ng'ambo ya ziwa letu, alikuwa ameshatoa "Attention na SIDA", akiwaonya watu juu ya ugonjwa huo huo.

Kwa hiyo mzee anayesema enzi zake hapakuwa na nyimbo za "mambo hayo" amesahau, au hataki kukumbuka. Mimi namsamehe. Mwaka 2018 BASATA iliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz, na sitashangaa wewe ukizeeka ukiwaambia wajukuu kwamba Diamond alikuwa na adabu.

Lakini usishangilie mapema. Vijana nao wanasema zilipendwa ni za wazee, hazina mpango, na hawajakaa kusikiliza hata wimbo mmoja mpaka mwisho. Katika kipindi kimoja Ilagala tuliwasikilizisha wanafunzi nyimbo mbili za mapenzi, moja ya dansi la zamani na moja ya sasa. Wavulana wakabishana kuhusu gitaa na biti, kelele tupu. Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Zote mbili mwanamume anaahidi pesa, na mwanamke hajibu kitu." Darasa likanyamaza.

Kwetu jambo hilo haliishii kwenye wimbo. Dagaa wakipatikana vizuri, pesa zinaonekana mwaloni, na wapo wanaume wazima wanaojua msichana gani hana sare au hana daftari. Wimbo, uwe wa 1975 au wa wiki iliyopita, ukikufundisha kwamba aliyepokea zawadi hana haki ya kukataa, umekudanganya. Unaweza kupokea soda na bado ukasema sitaki. Na wewe mvulana, kununua soda si kununua mtu.

Kuna nyimbo nyingine ambazo nia yake ni nzuri lakini habari zake zimepitwa na wakati. Sikiliza "Starehe" ya Ferooz au "Alikufa kwa Ngoma" ya Mwanafalsafa, za miaka ya mwanzo ya 2000. Wengi walijifunza humo, na mimi nazipenda mpaka leo. Lakini wakati huo kuwa na VVU kulionekana ni sawa na kufa. Mwaka 2004 serikali ilianza kutoa dawa za ARV bure. Leo mtu anayezimeza kila siku anaishi, anavua, anasoma, anazaa. Virusi vikifubaa mpaka kipimo kisivione, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Na huwezi kumjua mwenye virusi kwa kumtazama, hata kama wimbo umemchora amekonda. Kinachojulisha ni kipimo tu, na tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019, ukiwa na miaka 15 unaweza kupima bila kungoja ruhusa ya mzazi.

ZOEZI

Chagua wimbo mmoja unaopendwa na mzazi, shangazi au mjomba wako, na mmoja unaoupenda wewe. Sikilizeni pamoja, redio au simu, vyovyote. Kisha mjadili:

Anayeimba anataka nini? Yule anayeimbiwa amepewa nafasi ya kusema hapana? Kuna neno lolote kuhusu mimba, magonjwa au kinga, na je, neno hilo ni kweli leo?

Mkimaliza, muulize mzee: wimbo wako huu ulipokuwa unavuma ulikuwa na umri gani, na ni nani alikuwa anakueleza habari za mwili wako?