MWANASHERIA WA KAMPUNI: MTEJA WAKO NI NANI HASA?

Ndugu wasomaji, safari hii ukurasa wetu wa masomo unawageukia wenzetu wa sheria. Lakini nyie wa biashara, uhasibu na uhandisi msifunge jarida, maana somo hili litawafikia tu. Wengi wetu tukimaliza hapa hatutafungua ofisi ya uwakili wala kusimama kortini na joho. Tutaajiriwa benki, kampuni ya simu, ya madini, ya mafuta au ya bima. Kila mahali hapo kuna idara ya sheria, na anayekaa humo anaitwa mwanasheria wa kampuni.

Kwa mbali kazi hii inaonekana laini: mshahara wa uhakika, kiyoyozi, hakuna kukimbizana na wateja. Ukiikaribia unakuta mitihani ambayo wakili wa nje haijui. Hebu tuichambue mmoja mmoja.

1. Mteja ni kampuni, siyo bosi

Wakili wa nje ana wateja wengi. Akigombana na mmoja, wapo wengine. Mwanasheria wa kampuni anaye mteja mmoja tu, na mteja huyohuyo ndiye anayemlipia kodi ya nyumba na ada ya watoto. Kusema "hapana" kwake ni kitu kizito.

Sasa hapa ndipo penye msingi wa somo. Kisheria kampuni ni mtu peke yake, tofauti na mkurugenzi na tofauti na wenye hisa. Mkurugenzi ni mtu anayeisemea tu. Leo yupo, kesho kahamia kwingine, kampuni inabaki na madeni yake na kesi zake. Kwa hiyo bosi anapokwambia "pitisha hii haraka, tutarekebisha baadaye," swali la kujiuliza siyo "bosi anataka nini?" bali "kampuni itasimama wapi mambo haya yakijulikana?"

Wamarekani walijifunza hili kwa gharama kubwa. Enron ilifilisika Desemba 2001, WorldCom ikafuata Julai 2002, na watu wakauliza: wanasheria walikuwa wapi? Mwaka huohuo wa 2002 ikapitishwa sheria ya Sarbanes-Oxley. Kifungu chake cha 307 kimezaa kanuni kwamba wakili wa kampuni iliyoandikishwa kwenye soko la hisa, akiona ushahidi wa uvunjaji mkubwa wa sheria, lazima apeleke habari kwa mwanasheria mkuu wa kampuni au mkurugenzi mtendaji. Asipopata jibu la maana, anapanda ngazi hadi kamati ya ukaguzi au bodi yenyewe. Yaani kunyamaza siyo tena adabu ya kazi.

2. Kisa cha nyumbani: dola milioni 6 za "mshirika"

Mfano wa pili unatuhusu moja kwa moja. Mwaka 2012 na 2013 serikali ya Tanzania ilitaka kukopa dola milioni 600 kwenye masoko ya nje. Kazi ilishughulikiwa na Standard Bank ya London pamoja na ndugu yake, Stanbic Bank Tanzania. Ada ilianza kuzungumzwa kwa asilimia 1.4. Baadaye ikapanda hadi asilimia 2.4, na ile asilimia 1 iliyoongezeka, yaani dola milioni 6, ikaenda kwa kampuni ndogo ya Dar es Salaam iliyoitwa EGMA, kama "mshirika wa ndani."

Mshirika alifanya kazi gani? Haikuonekana kazi yoyote ya thamani hiyo. Tena mmoja wa wakurugenzi na wenye hisa wake alikuwa kamishna wa mamlaka ya mapato, mtumishi wa serikali ileile iliyokuwa ikikopa. Machi 2013 fedha zikaingia kwenye akaunti, na katika siku chache sehemu kubwa ikatolewa taslimu. Hapo wafanyakazi wa Stanbic wakashtuka na kupeleka habari makao makuu Afrika Kusini. Aprili mwaka huohuo mawakili wa benki wakajipeleka wenyewe SFO, ofisi ya Uingereza inayoshughulikia ulaghai mkubwa na rushwa.

Tarehe 30 Novemba 2015 jaji Sir Brian Leveson aliidhinisha makubaliano ya kuahirisha mashtaka, ya kwanza ya aina hiyo nchini Uingereza. Kosa lilikuwa chini ya kifungu cha 7 cha Sheria ya Rushwa ya 2010: kampuni kushindwa kuzuia rushwa. Benki ililipa dola milioni 25.2, zikiwemo faini na faida iliyorudishwa, na zaidi ya hapo takriban dola milioni 7 zikarudi kwa serikali ya Tanzania.

Angalieni vizuri, ndugu zangu. Benki ya London haikushtakiwa kwa kutoa rushwa yenyewe. Ilishtakiwa kwa kutozuia. Timu ya London ilijua kwamba kuna mshirika analipwa, lakini ikaona kumchunguza ni kazi ya wenzao wa Dar. Kila mtu akadhani mwenzake ameuliza. Na swali lenyewe lilikuwa dogo tu: huyu ni nani, anamilikiwa na nani, na analipwa kwa kazi gani? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu ulijengwa kwa dola.

3. Barua zako siyo siri kama unavyodhani

Darasani tunafundishwa kwamba mazungumzo ya wakili na mteja ni siri. Kwa mwanasheria wa kampuni inategemea umesimama nchi gani. Kwa sheria ya Uingereza analindwa kama wakili mwingine, ila tu anapotoa ushauri wa kisheria. Akitoa maoni ya kibiashara, kinga haipo. Kumtumia mwanasheria nakala ya kila barua pepe hakuifanyi kuwa siri.

Kwenye Umoja wa Ulaya ni ngumu zaidi. Katika kesi ya Akzo Nobel, iliyoamuliwa tarehe 14 Septemba 2010, mahakama ya Umoja huo ilisema kwamba katika uchunguzi wa Tume ya Ulaya juu ya ushindani wa kibiashara, barua za mwanasheria aliyeajiriwa hazina kinga hiyo. Sababu yao ni kwamba mtu anayekula mshahara wa kampuni hawezi kuwa huru kama wakili wa nje. Unaweza kubisha, na wengi walibisha, lakini ndiyo sheria.

Na hata pale siri inapolindwa, mwenye siri ni kampuni. Tangu kesi ya Upjohn ya 1981, mawakili wa Marekani wana desturi ya kumwambia mfanyakazi kabla ya kumhoji: mimi ni wakili wa kampuni, siyo wako, na kampuni ikitaka inaweza kuyatoa haya nje. Ni uungwana pia. Usimwache mhasibu akumwagie moyo akidhani unamtetea.

4. Sheria zinavuka mipaka

Zamani ungejua sheria ya nchi yako ukatosheka. Sasa kampuni ya Nairobi yenye biashara London inaweza kubanwa na sheria ya Uingereza kwa jambo lililotokea Mombasa. Mfano ni "chai" au "kitu kidogo" cha kuharakisha mzigo bandarini. Sheria ya Marekani ya 1977 inaacha mwanya kwa malipo madogo ya kuharakisha huduma ya kawaida. Ile ya Uingereza haiachi. Kenya nayo ina Sheria ya Rushwa ya 2016, inayomtaka mwenye mamlaka kutoa taarifa ndani ya saa 24 akijua au akishuku rushwa.

Halafu kuna taarifa binafsi za wateja. Ulaya walianza kutumia kanuni zao Mei 2018. Kenya na Uganda zikatunga sheria mwaka 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022. Kenya inataka kamishna aarifiwe ndani ya saa 72 taarifa zikivuja. Saa 72 ni chache mno kama hujui hata nani wa kumpigia simu usiku.

5. Sasa ufanye nini?

Kwanza, uliza mapema. Mkataba ukifika mezani kwako siku ya kusaini, umechelewa. Jenga urafiki na watu wa mauzo na manunuzi ili wakushirikishe mwanzoni.

Pili, ukisema "hapana," leta njia nyingine. Anayekataa tu huzungukwa.

Tatu, andika. Ushauri wa mdomo husahaulika, hasa mambo yakiharibika.

Nne, jua ngazi yako. Kabla hujakubali kazi, uliza kama mwanasheria anaweza kuifikia bodi moja kwa moja. Jibu litakwambia mengi juu ya kampuni hiyo.

Tano, weka akiba. Mtu asiye na mshahara wa miezi michache pembeni atapata shida kumwambia bosi ukweli.

Maswali ya kujadili

(a) Mkurugenzi anakuomba uandae malipo kwa mshauri ambaye hujawahi kumsikia. Utauliza maswali gani matatu ya kwanza?
(b) Ukiwa na mwenzako kwenye kampuni dada nchi nyingine, nani ana wajibu wa kumchunguza mshirika?
(c) Je, uamuzi wa Akzo Nobel ni wa haki? Toeni hoja za pande zote mbili.

Jadilianeni, bisheni, na wale mnaorudi nyumbani mwaka huu mbebe maswali haya kwenye begi pamoja na vyeti. Tukutane toleo lijalo.