Saini ya Ombi na Usimbaji wa Vigezo: Kwa Nini Seva Inakataa?

Watahiniwa wengi huikariri mada hii kama fasili, kisha hukwama wanapopewa tatizo la kutatua. Tuanze basi na tatizo.

Klabu ya kompyuta ya shule moja hapa Mikocheni ilitengeneza programu ya kuwakumbusha wazazi, kwa ujumbe wa simu, siku ya mwisho ya kulipa ada ya mtihani. Programu hiyo ilituma maombi kwenye API ya huduma ya ujumbe. (API ni mlango ambao programu moja hupitia kuomba huduma kwa programu nyingine.) Karibu wazazi wote walipata ujumbe. Kwa wachache, seva ilijibu 401: saini si sahihi. Mimi, mlezi wa klabu, niliagiza ufunguo wa siri ubadilishwe. Ukabadilishwa mara mbili, bila mafanikio, na siku ya mwisho inakaribia. Ndipo mwanafunzi mmoja alipoitazama orodha ya waliokosa, akina Ng'wandu na Mang'ula, akauliza: "Mwalimu, mbona wote wana ritifaa?"

Swali lake lilikuwa bora kuliko agizo langu. Ufunguo ungekuwa na kosa, maombi yote yangekataliwa.

Saini hutengenezwaje?

Mtumaji huchukua vigezo vya ombi, huvipanga kwa utaratibu uliokubaliwa, huviunganisha kuwa mstari mmoja wa maandishi, kisha huupitisha mstari huo pamoja na ufunguo wa siri kwenye kanuni ya hesabu. Kanuni inayotumika sana ni HMAC, iliyobuniwa mwaka 1996 na Mihir Bellare, Ran Canetti na Hugo Krawczyk. Ikitumiwa pamoja na SHA-256 hutoa biti 256, sawa na tarakimu 64 za heksadesimali. Seva hurudia hesabu ileile kwa ufunguo uleule. Majibu yakilingana, ombi hupokelewa. Baiti moja ikitofautiana, saini nzima hubadilika, wala huwezi kuitazama saini ukajua kosa liko wapi. Kwa hiyo usilinganishe saini. Linganisha mstari uliosainiwa.

Usimbaji wa asilimia

Katika anwani ya wavuti, herufi nyingine zina kazi maalumu, kwa hiyo huandikwa kwa alama ya asilimia ikifuatwa na namba yake ya ASCII kwa heksadesimali. Nafasi ni 32, hivyo %20. Alama ya kujumlisha ni 43, hivyo %2B. Ritifaa ni 39, hivyo %27. Kwa mujibu wa RFC 3986 ya Januari 2005, herufi za A hadi Z kubwa na ndogo, tarakimu, na alama nne tu (- . _ ~) hazihitaji kusimbwa.

Tatizo ni kwamba zana hazifanani. Katika JavaScript, encodeURIComponent huiacha ritifaa kama ilivyo. Katika PHP, rawurlencode huigeuza kuwa %27. Tazama, kwa namba ya simu ya mfano:

Mtumaji: jina=Ng'wandu&simu=%2B255700000000
Seva: jina=Ng%27wandu&simu=%2B255700000000

Mstari wa kwanza una herufi 34, wa pili 36. Kuhesabu urefu ni njia ya haraka ya kugundua tofauti ambayo jicho linairuka. Klabu iliongeza hatua moja ya kugeuza ritifaa kuwa %27 kabla ya kusaini, na ujumbe uliobaki ukaenda jioni hiyo.

Namba zetu za simu nazo zina mtego. Ukituma +255 bila kusimba, seva nyingi huisoma alama ya kujumlisha kama nafasi. Mtego huohuo umo kwenye saini iliyoandikwa kwa Base64 na kuwekwa ndani ya anwani: ikitokea kuwa na +, ombi hukataliwa, isipokuwa nayo, hupita. Ukiona programu inayokubaliwa leo na kukataliwa kesho bila kuguswa, anzia hapo.

Mpangilio wa vigezo: mara nyingi hufuata thamani za ASCII, si kamusi. Simu (S ni 83) hutangulia jina (j ni 106).

Muda: seva nyingi hukataa ombi lenye muda uliopishana na saa yao kwa dakika chache tu. Saa za Afrika Mashariki ziko mbele ya UTC kwa saa 3, yaani sekunde 10,800.

Swali la kujipima

Duka la Mikocheni lilituma saa=2024-05-06T10:00:00+03:00. Seva ikasoma 2024-05-06T10:00:00 03:00 na kukataa saini.
(a) Eleza chanzo cha kosa. (alama 2)
(b) Andika kigezo hicho kikiwa kimesimbwa kwa RFC 3986. (alama 3)

Majibu
(a) Alama ya + haikusimbwa, seva ikaisoma kama nafasi. Hivyo mstari uliosainiwa na seva ulitofautiana na wa mtumaji.
(b) saa=2024-05-06T10%3A00%3A00%2B03%3A00. Anayesimba + na kuacha nukta mbili (:) apewe alama 1.