POMBE NA DAWA ZA KICHOMI

Watu wengi huuliza kama ni kweli kwamba pombe huvunja nguvu za dawa za kichomi. Jambo hili si dogo, kwa maana kulielewa vibaya kwaweza kuleta mauti.

Kichomi, ambacho madaktari hukiita nimonia, ni ugonjwa wa mapafu. Mara nyingi huletwa na bakteria, hasa wale waitwao nyumokokasi. Vifuko vidogo vya hewa vilivyomo mapafuni hujaa usaha na maji, ndipo mgonjwa hushikwa na homa, kikohozi, maumivu ya kifua na kuhema upesi. Ugonjwa huu hutibiwa kwa dawa ziuazo bakteria, kama vile penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mjini London mwaka 1928, na amoksisilini, iliyo ya jamaa hiyo hiyo.

Basi, pombe hufanya nini? Glasi moja ya bia haiondoi nguvu za amoksisilini. Lakini ulevi huudhoofisha mwili ambao dawa imekuja kuusaidia. Kwanza, huzilegeza chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili. Pili, hupunguza nguvu ya kukohoa na kutoa makohozi. Tatu, mlevi aliyelala fofofo aweza kutapika, na matapishi yakaingia mapafuni. Tena iko dawa nyingine, doksisaiklini, ambayo huondoka upesi katika mwili wa mtu aliyezoea kunywa sana, hata nguvu yake ikapungua.

Hata hivyo, liko kosa lililo baya zaidi. Fikirini mtu aliyepewa vidonge vya siku tano. Siku ya tatu homa imeshuka, na rafiki zake wanamwita kilabuni. Husema moyoni, "Dawa na pombe havipatani, leo nitaacha dawa." Kumbe bakteria waliosalia hupata nafasi ya kuongezeka, na ugonjwa waweza kurudi kwa nguvu. Mtu huyo alijua neno moja la kweli, akalitumia kwa kujidhuru. Kinachopasa kuachwa ni pombe, wala si dawa. Na ikiwa amekwisha kunywa, asiruke vidonge kwa shauri lake mwenyewe, bali amwulize daktari au mwuguzi upesi.

Mwisho, mtu anywaye kila siku asione haya kumwambia daktari ukweli. Akikatizwa pombe ghafula aweza kutetemeka, kuona mambo yasiyokuwako, hata kushikwa na kifafa. Daktari akijua mapema, aweza kumtunza na kumchagulia dawa zimfaazo.

Mgonjwa akihema kwa shida, akichanganyikiwa akili, au midomo yake ikigeuka rangi, msingoje kuche. Mpelekeni hospitali mara moja.