SOMO: AKIBA YA MAFUTA NA USALAMA WA MFANYAKAZI



Rwanda haina bahari. Petroli na dizeli tunayochoma hapa Gisenyi hushushwa Mombasa au Dar es Salaam. Kutoka Mombasa husukumwa kwa bomba, lililofika Nairobi mwaka 1978 na Eldoret na Kisumu mwaka 1994. Kisha hupakiwa katika malori ya tangi yanayopita Uganda. Njia ikizibwa popote, sisi wa mwisho ndio tunaoumia. Januari 2008 ghasia za uchaguzi zilifunga barabara za Kenya, na Rwanda ikabidi iuze mafuta kwa kipimo.

Ndiyo maana ya akiba. Serikali ina matangi Rwabuye, na karibu nasi Bigogwe, kwenye barabara ya Ruhengeri. (Kiwanda chetu cha bia kilianza kutumia gesi ya Ziwa Kivu tangu 1963, lakini lori haliendi kwa gesi hiyo.)

Tangi si pipa kubwa tu. Huzungushiwa ukuta wa kuzuia mafuta yanayomwagika, na huwa na waya wa kupeleka umeme ardhini. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini ukitafuta cheche. Goma, ng'ambo ya mpaka, Januari 2002, siku chache baada ya Nyiragongo kulipuka, kituo cha mafuta kililipuka kikaua makumi ya watu waliokuwa wakichota.

Swali la kujadili tawini: matangi mapya yakijengwa, nani atapima hewa ya ndani kabla mwenzetu hajatumwa kuingia kusafisha, na nani atakuwa na haki ya kumzuia?