Somo la Kompyuta: Usibahatishe Jina la Kiolesura, Uliza Mfumo



Somo la toleo hili limeandikwa hasa kwa vijana wanaojifunza kuandika programu kwa lugha ya C katika vituo vya mafunzo na vyuo vya kiufundi. Hata hivyo, mkulima, mhudumu wa zahanati au karani wa chama cha ushirika asiyeandika programu anashauriwa kusoma sehemu ya kwanza na ya mwisho, kwa sababu programu ikikosewa, hasara humwangukia yeye.

1. Tatizo lenyewe

Tuchukue mfano wa kituo cha kupozea maziwa. Kila alfajiri wakulima hupanga foleni, maziwa hupimwa, na kompyuta ya kituo hutuma idadi ya lita za kila mkulima kwa ofisi ya chama. Kompyuta ina njia mbili za kutumia: waya wa mtandao, na modemu ya laini ya simu kwa siku ambazo waya una hitilafu. Mwandishi wa programu alitaka programu ijue yenyewe ni njia ipi iko tayari. Akatazama mashine aliyokuwa nayo mezani, akaona njia ya waya inaitwa eth0, akaandika ndani ya programu: tafuta eth0.

Programu ikafanya kazi vizuri. Kisha kompyuta ikaharibika na nyingine ikanunuliwa. Waya ulichomekwa, taa zikawaka, lakini programu ikaandika "Hakuna mtandao". Katika mashine mpya, njia ile ile ya waya inaitwa enp3s0. Hakuna kilichoharibika; jina tu ndilo lililobadilika. Karani asipogundua mapema, rekodi hazitafika ofisini, na mwisho wa mwezi mkulima atapokea malipo pungufu bila kujua sababu.

Kosa halikuwa la kompyuta wala la karani. Mwandishi wa programu alibahatisha jambo ambalo angeweza kuliuliza.

2. Kiolesura cha mtandao ni nini?

Kiolesura cha mtandao ni mahali ambapo data huingia na kutoka katika kompyuta. Kompyuta moja huwa na violesura kadhaa: cha waya, cha Wi-Fi, cha modemu. Vipo pia visivyo na kifaa cha kushika kwa mkono. Kiolesura cha ndani, chenye anwani 127.0.0.1, huiwezesha kompyuta kuzungumza na nafsi yake. Programu za VPN nazo huunda violesura vyake.

Kila mfumo wa uendeshaji una desturi yake ya majina:

- Katika Linux, kiolesura cha ndani huitwa lo. Cha waya kilizoeleka kuitwa eth0, lakini tangu 2013 mifumo mingi inayotumia systemd hutoa jina kulingana na mahali kadi ilipo. Katika enp3s0, "en" ni Ethernet, "p3" ni basi la PCI namba 3, na "s0" ni nafasi namba 0.
- Katika macOS utaona lo0 na en0. Katika vipakatalishi vingi vya Mac, en0 ni Wi-Fi, si waya.
- Katika FreeBSD, jina hutokana na programu inayoendesha kadi, kwa mfano em0 au re0.
- Katika Windows utaona majina kama "Ethernet" na "Wi-Fi", na mtumiaji anaweza kuyabadilisha atakavyo.

Kwa hiyo jina halitoshi kukuambia kiolesura ni cha aina gani, wala halidumu kutoka mashine moja hadi nyingine.

3. Njia ya zamani na mitego yake

Vitabu vingi vya zamani hufundisha ombi liitwalo SIOCGIFCONF, lililotumwa kwa mfumo kupitia ioctl. Njia hii ilikuja na mfumo wa 4.2BSD mwaka wa 1983. Unatenga nafasi ya kumbukumbu, unaukabidhi mfumo, nao unaijaza orodha. Bado inafanya kazi, lakini ina mitego mitatu.

Kwanza, nafasi uliyotenga ikiwa ndogo, mifumo kadhaa hujaza kinachotosha na kukujibu kwamba kila kitu ni sawa. Violesura vilivyobaki nje hutavijua. Pili, katika Linux ombi hili hutoa anwani za IPv4 pekee, kwa hiyo kiolesura kisicho na anwani ya aina hiyo hakionekani kabisa. Tatu, katika Linux kila ingizo la orodha lina ukubwa uleule, ilhali katika mifumo ya jamii ya BSD ukubwa hubadilika kulingana na anwani. Programu inayoruka kwa hatua sawa itasoma takataka katika mfumo mwingine.

4. Njia tatu za kutumia leo

Ukihitaji majina pekee, tumia if_nameindex, iliyomo katika kiwango cha POSIX na kutangazwa katika faili la net/if.h. Hukupa safu ya majina na namba za violesura. Ingizo la mwisho lina namba 0 na jina NULL. Hapo ndipo unaposimama. Ukimaliza, rudisha kumbukumbu kwa if_freenameindex.

Ukihitaji anwani na hali ya kila kiolesura, tumia getifaddrs. Funksheni hii ilitoka katika jamii ya BSD na haimo katika POSIX, lakini inapatikana katika Linux, FreeBSD, OpenBSD, NetBSD na macOS. Katika Android inapatikana kuanzia toleo la 7.0.

Katika Windows, tumia GetAdaptersAddresses. Microsoft inashauri uanze na nafasi ya kilobaiti 15. Ikiwa haitoshi, funksheni hujibu ERROR_BUFFER_OVERFLOW na kukuambia ukubwa unaohitajika, nawe unatenga upya na kuuliza tena. Tofauti na SIOCGIFCONF, hii husema wazi kwamba nafasi haikutosha.

Programu fupi ifuatayo hutumia getifaddrs:

```c
#include <sys/types.h>
#include <sys/socket.h>
#include <netinet/in.h>
#include <net/if.h>
#include <ifaddrs.h>
#include <netdb.h>
#include <stdio.h>

int main(void)
{
    struct ifaddrs *orodha, *p;
    char anwani[NI_MAXHOST];

    if (getifaddrs(&orodha) == -1) {
        perror("getifaddrs");
        return 1;
    }
    for (p = orodha; p != NULL; p = p->ifa_next) {
        socklen_t urefu;

        if (p->ifa_addr == NULL)
            continue;
        if (p->ifa_addr->sa_family == AF_INET)
            urefu = sizeof(struct sockaddr_in);
        else if (p->ifa_addr->sa_family == AF_INET6)
            urefu = sizeof(struct sockaddr_in6);
        else
            continue;
        if (getnameinfo(p->ifa_addr, urefu, anwani,
                sizeof anwani, NULL, 0, NI_NUMERICHOST) != 0)
            continue;
        printf("%s  %s  %s\n", p->ifa_name, anwani,
            (p->ifa_flags & IFF_RUNNING) ? "tayari" : "si tayari");
    }
    freeifaddrs(orodha);
    return 0;
}
```

Ihifadhi kama orodha.c, kisha andika: cc -Wall orodha.c -o orodha

5. Mambo ya kuzingatia

a) Kiolesura kimoja huonekana zaidi ya mara moja. Orodha hii ni ya anwani, si ya violesura. Chenye anwani ya IPv4 na mbili za IPv6 kitaonekana mara tatu, na katika Linux kitaongezewa ingizo moja la anwani ya kadi yenyewe. Usihesabu mistari ukidhani umehesabu violesura.

b) ifa_addr inaweza kuwa NULL. Programu isiyokagua hili huanguka siku isiyotarajiwa, mara nyingi pale inapokutana na kiolesura cha VPN au modemu ambacho hakijapewa anwani.

c) Tofautisha IFF_UP na IFF_RUNNING. Ya kwanza husema kiolesura kimewashwa na msimamizi. Ya pili husema kiko katika hali ya kufanya kazi. Ukichomoa waya, ya kwanza hubaki imewekwa. Tumia IFF_LOOPBACK kuruka kiolesura cha ndani, wala usilinganishe jina na "lo".

d) Anwani za IPv6 zinazoanza na fe80 hufanya kazi kwenye kiungo kimoja tu. Ili uitumie, ni lazima uandamane na namba ya kiolesura, ambayo huwekwa katika sin6_scope_id.

e) Anwani inayoanza na 169.254 si dalili njema. Kwa kawaida kompyuta hujipa anwani hiyo baada ya kukosa jibu kutoka kwa ruta.

f) Orodha ni picha ya dakika ile. Modemu inaweza kuchomolewa sekunde moja baadaye. Uliza tena kila unapohitaji kujua.

6. Tenga sehemu inayouliza

Programu inayohamishika kutoka mfumo mmoja hadi mwingine haipatikani kwa kutapanya maneno ya Linux na Windows katika kila faili. Andika funksheni moja yako mwenyewe inayorudisha jina, namba, anwani na hali. Iwe na faili moja la Linux, BSD na macOS, na faili jingine la Windows. Wakati wa kujenga programu, faili linalohusika ndilo linalochaguliwa. Sehemu iliyobaki, ile ya lita na majina ya wakulima, haihitaji kujua iko katika mfumo gani.

Tukirudi katika kituo chetu cha maziwa, programu iliyoandikwa vizuri ingefanya hivi. Siku ya kuisakinisha, ingeonyesha violesura vyote, karani achague, na chaguo lihifadhiwe katika faili la mipangilio. Siku kiolesura hicho kikikosekana, isingeandika "Hakuna mtandao" tu. Ingesema: "Kiolesura eth0 hakipo, vilivyopo ni hivi, chagua kimoja." Karani angechagua, na kazi ingeendelea asubuhi ile ile.

Hata hivyo, orodha hukuonyesha milango iliyopo; haikuambii kama barabara inafika. Kiolesura kinaweza kuwa tayari huku laini ya mbele imekatika. Njia ya hakika ya kujua ni kutuma na kusubiri jibu. Kwa hiyo rekodi ya mkulima isifutwe kwenye kompyuta ya kituo hadi ofisi ithibitishe kwamba imeipokea.

7. Kwa wasioandika programu

Kabla chama, shule au kikundi chenu hakijalipia programu, muulizeni anayeiuza maswali haya matatu, na mtake awaonyeshe badala ya kuwaeleza:

- Tukibadilisha kompyuta, programu itaendelea kufanya kazi bila wewe kuja kuirekebisha?
- Mtandao ukikosekana, rekodi zetu hukaa wapi, na zitatumwaje baadaye?
- Programu ikishindwa, itatuandikia sababu ambayo karani anaweza kuielewa?

Zoezi

Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta uliyo nayo. Katika Linux andika ip addr, katika macOS ifconfig, katika Windows ipconfig /all. Andika daftarini majina ya violesura vyote unavyoviona na anwani zake. Kisha, ikiwa unatumia Linux au macOS, endesha programu ya somo hili na ulinganishe. Chomoa waya au zima Wi-Fi, uiendeshe tena. Eleza kwa maneno yako mwenyewe nini kimebadilika na nini kimebaki vilevile. Mwisho, fanya zoezi hilo hilo kwenye kompyuta ya mwenzako. Mkipata majina tofauti, mtakuwa mmejionea kwa nini jina la kiolesura haliandikwi ndani ya programu.